Wasomi 393 Waliotimuliwa kwa Kuigomea JKT: Stori ya 1966 na Kwa Nini Bado Inatuhusu

Leo tunaweka pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani. Kaa mkao wa kula, hii ni stori yenye Ikulu, maandamano, mishahara na wasomi waliorudishwa makwao wakiwa wamenuna.

Kila mwaka fomu siksi wakimaliza mtihani wa taifa, haupiti muda majina ya JKT yanatoka. Kuanzia hapo stetasi zote ni jeshi tu. Mtu anaposti vitu anavyotakiwa kwenda navyo: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, shuka mbili, soksi ndefu nyeusi na nauli ya kwenda na kurudi. Mmoja kapangiwa Rwamkoma kule Mara, mwingine Kanembwa Kigoma, mwingine Oljoro Arusha, mwingine katupwa Mlale Ruvuma. Mama analia, baba anasema mwache akakomazwe. Miezi mitatu baadaye dogo anarudi kakonda, kaungua na jua, anaamka saa kumi alfajiri bila alamu na kila mtu anamwita afande.

Sasa swali. Kwa nini sheria inamfuata fomu siksi? Kwa nini isimfuate muuza nguo, dereva bodaboda au mchimbaji wa hapa Nyarugusu? (Nasema Nyarugusu yetu ya dhahabu, Geita. Wale wa mbali mnaichanganya kila siku na kambi ya wakimbizi ya Kasulu.) Kwa nini nchi iliamua kwamba aliyesoma ndiye lazima apige kwata?

Jibu lipo mwaka 1966, pale Dar es Salaam. Ila ili ulielewe, turudi nyuma kidogo.

WENZETU WALIFANYAJE

Mwaka 1908 Uingereza walianzisha kikosi cha kuandaa maofisa ndani ya shule na vyuo vikuu. Aliyeleta mpango huo ni waziri wao wa vita, jamaa anaitwa Haldane. Walikuwa wametoka kwenye vita ya Makaburu kule Afrika Kusini, wakagundua maofisa hawatoshi. Basi mwanafunzi wa Oxford au Cambridge akawa anasoma sheria yake au hesabu zake, halafu kwa muda wa ziada anavaa gwanda, anajifunza kusoma ramani, kutumia bunduki na kuongoza watu. Vita kubwa ilipoanza mwaka 1914, walikuwa tayari na vijana wa kuwavisha nyota begani.

Marekani nao mwaka 1916 wakapitisha sheria ya mpango kama huo, ule unaojulikana kama ROTC. Mpaka leo upo. Unasoma chuo, siku ya kuhitimu unatoka na shahada mkononi na cheo cha Luteni Usu begani.

Ukiangalia vizuri utaona akili iliyotumika. Msomi anaingia jeshini kwa mlango wa mbele, anaingia tayari ni bosi. Mtoto wa mkulima anaingia kwa mlango wa nyuma, kuruta, anasubiri amri ya yule msomi. Hata hawajifichi, ndivyo walivyopanga.

Na hapa kwetu enzi za mkoloni? Kulikuwa na jeshi la KAR, ambalo babu zetu wengi walipigana ndani yake mpaka Burma. Maofisa walikuwa Wazungu. Mwafrika hata awe shujaa vipi, mwisho wake ulikuwa vyeo vya chini. Mpaka tunapata uhuru, Watanganyika waliopita chuo cha maofisa cha Sandhurst kule Uingereza ulikuwa unawahesabu kwa vidole. Mmoja ni Alexander Nyirenda, yule aliyepandisha mwenge juu ya Kilimanjaro usiku wa uhuru, Desemba 1961. Mwingine ni Mrisho Sarakikya, kumbuka jina hilo.

Chuo kikuu chenyewe kilikuwa kichanga. Kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, kwenye jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba. Wanafunzi hawakufika hata 20. Mlimani walihamia mwaka 1964. Kwa hiyo habari ya kuwa na kikosi cha kadeti chuoni kama Oxford ilikuwa bado iko mbali.

JANUARI 1964: JESHI LINAMGEUKIA NYERERE

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito (leo ndiyo Lugalo) waliasi. Madai yao yalikuwa mawili: mshahara uongezwe, na maofisa wa Kizungu waondoke. Uhuru ulikuwa na miaka miwili na bado anayewaamrisha ni Mwingereza. Walikamata maofisa wao, wakashika sehemu muhimu za mji, na Nyerere ikabidi afichwe.

Tarehe 25 Januari, kwa ombi la Nyerere mwenyewe, makomando wa Kiingereza wakashuka kutoka kwenye meli ya kivita na kuzima uasi. Fikiria aibu yake. Mwaka wa tatu wa uhuru, unamwomba mkoloni wa jana aje akusaidie dhidi ya jeshi lako.

Nyerere akalivunja jeshi lote. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa JWTZ, na yule Sarakikya akawa mkuu wa kwanza wa majeshi. Safari hii askari hawakuokotwa tu. Walichukuliwa vijana wa umoja wa vijana wa TANU na vijana waliopita JKT, ambayo ilikuwa imeanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Wazo lilikuwa kwamba mwenye bunduki lazima kwanza awe amelima, amechimba mtaro, amekula na wenzake chakula kimoja na ajue nchi ni ya nani.

Shika hilo, maana ndilo lililowafuata wasomi.

1966: OFA YA ASILIMIA 40

Mwanzo JKT ilikuwa ya kujitolea. Waliokuwa wanajitolea ni akina nani? Vijana wa kawaida, wengi walioishia darasa la saba, la nane au hawakufika kabisa. Wasomi walikuwa wanapita pembeni. Unamaliza chuo, kazi inakusubiri, nyumba ya serikali inakusubiri, gari linakusubiri. Nani aende porini kulima?

Serikali ikaja na mpango wa lazima. Kila anayemaliza kidato cha sita au chuo atatumikia taifa miaka miwili. Miezi ya kwanza ni kambini: kwata, silaha, kilimo, ujenzi. Kisha miezi 18 unafanya kazi yako ya kisomi kama kawaida, ila unalipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Asilimia 60 unaliachia taifa.

Tuiweke kwa hela ya leo ili iume vizuri. Chukua mshahara wa 800,000. Ungepewa 320,000. Hizo 480,000 huzioni. Zidisha mara miezi 18, unapata 8,640,000 zimeenda hivyo. Na kumbuka hapo ulishakula vumbi la kambi.

Mlimani pakachafuka. Wanafunzi hawakusema hawaipendi nchi. Hoja yao ilikuwa: kwa nini sisi? Mawaziri mishahara yao ipo palepale, wabunge ipo palepale, wakubwa wa wizara wanaongeza magari, halafu anayeambiwa ajinyime ni kijana ambaye hajapokea hata mshahara wa kwanza. Wengine walikuwa wametoka kwenye familia za hali ya chini, ukoo mzima unamsubiri amalize awasomeshe wadogo zake.

Tukiwa wakweli wadau, hoja hiyo ukiiposti leo inapata laiki kibao.

Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966 wakashuka mjini. Mamia ya wanafunzi, wengi wa Mlimani na wengine wa vyuo vingine vya Dar, wamevaa majoho yao ya chuo kabisa, wakaandamana mpaka Ikulu. Wakapokelewa. Nyerere alikuwepo, Kawawa alikuwepo, mawaziri walikuwepo. Wakasoma tamko lao. Ujumbe ulikuwa kwamba wakilazimishwa bila masharti kubadilishwa, miili itakwenda JKT lakini mioyo itabaki.

Halafu kulikuwa na mabango. Bango moja lilisema enzi za ukoloni kulikuwa na nafuu.

Jamani. Unampelekea bango hilo mtu aliyeupigania uhuru, uwanjani kwake, miaka mitano tu baada ya bendera kupanda.

MWALIMU ANAWAKA

Walioielezea siku hiyo wanasema Nyerere alisikiliza kwa utulivu, halafu akaanza kuongea taratibu, halafu akapanda. Akawaambia sawa, sitamlazimisha mtu ambaye moyo wake haupo. Hamtaki kwenda? Hamwendi. Lakini na chuoni hamrudi, mnaenda nyumbani.

Kilichofuata ndicho ambacho hawakukitarajia. Kwenye suala la mishahara alikubaliana nao. Alisema ni kweli mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno kwa nchi maskini, ukiwemo wake, na papohapo akatangaza kujikata asilimia 20. Mawaziri na vigogo wa serikali nao wakakatwa. Fikiria upo waziri pale pembeni umekuja kushuhudia watoto wanafokewa, unaondoka na mshahara pungufu.

Wanafunzi 393 wakafukuzwa. Sehemu kubwa ya Watanzania waliokuwa Mlimani waliondoka kwa mkupuo mmoja. Wakapakiwa na kusafirishwa, kila mtu kwao. Adhabu ilikuwa miaka miwili nje.

Hebu jiweke kwenye kijiji. Kijana wenu pekee aliyefika chuo kikuu, ambaye mlimsindikiza mpaka kituo cha basi, anarudi na sanduku lake. Mnamuuliza kulikoni, anasema nimegombana na Rais.

KWA WAKULIMA WA HUKU ILIONEKANAJE

Hapa ndipo stori inapotugusa sisi wa kanda hii. Mwaka huohuo 1966 ndipo mgodi wa zamani wa Geita, uliokuwa unafanya kazi tangu miaka ya 1930, ulipofungwa. Dhahabu ilitulia. Kilichokuwa kinaleta hela Usukumani ni pamba. Geita, Kwimba, Maswa, Shinyanga, watu walikuwa wanalima pamba kwa jembe la mkono, wanabeba mizigo mpaka kwenye chama cha ushirika, inapimwa, inakatwa hiki na kile, wanarudi na kilichobaki. Pamba ilikuwa moja ya mazao makuu yaliyokuwa yanailetea nchi hela za kigeni, pamoja na katani na kahawa.

Hela hiyo ndiyo iliyokuwa inasomesha Mlimani. Mwanafunzi alikuwa anasomeshwa na serikali, analala, anakula, anafuliwa. Kwa hiyo ukimweleza mkulima wa pamba kwamba kuna vijana wamekataa kulima miezi michache na kukatwa mshahara ambao yeye hatakaa aupate maisha yake yote, unadhani alikuwa upande wa nani?

Nyerere alijua hilo. Mwezi Februari 1967, miezi mitatu na kitu tu baada ya maandamano, likatoka Azimio la Arusha. Kiongozi marufuku kuwa na mishahara miwili, marufuku kupangisha nyumba, marufuku kumiliki hisa. Mwezi Machi likafuata andiko la Elimu ya Kujitegemea, shule zote zikaingizwa jembe. Sisemi maandamano yale ndiyo sababu ya vyote hivyo. Ila wanafunzi waliuliza kwa sauti kuhusu wakubwa wanaojilipa, na jibu likaja kubwa kuliko swali.

Wengi wa wale 393 walisamehewa na kurudi masomoni mwaka uliofuata. Na hapa nataka mniambie nani namzungumzia: kuna kijana mmoja wa sheria, mtoto wa Urambo, alikuwa kwenye kundi lile lile lililofukuzwa. Karibu miaka 40 baadaye alikalia kiti kikubwa kule Dodoma, wabunge wakawa wanamwinamia, na akajulikana nchi nzima kwa maneno mawili, kasi na viwango. Jina lidondoshe kwenye komenti, wa kwanza kupatia namrushia vocha.

MLIMANI BILA KIKOSI, LAKINI NA WANAJESHI

Baada ya 1966 hakuna aliyeuliza tena kama msomi ataenda JKT. Unamaliza, unaenda. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likakaza zaidi: ukitoka fomu siksi unapita JKT, kisha unafanya kazi kwanza, na chuo unaingia ukishapata mapendekezo ya kazini na ya chama. Yaani mpaka unafika Mlimani ushakuwa mtu mzima, ushashika bunduki, ushajua ugali wa kambi.

Kwa hiyo Tanzania haikuhitaji kikosi cha maofisa ndani ya chuo kama cha Oxford. Wazo lilikuwa kinyume kabisa: badala ya kumpa msomi mlango wake, wakamsukuma kwenye mlango wa kuruta kama wengine. Daktari mtarajiwa, mwanasheria mtarajiwa na aliyejitolea kutoka kijijini, wote wanapigiwa filimbi moja, wanakimbia mchakamchaka mmoja, na afande anayewafokea huenda elimu yake iliishia la saba.

Wapo waliotoka Mlimani wakaenda mbali zaidi. Mganda mmoja aliyesoma pale kuanzia 1967 mpaka 1970 aliongoza kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi, na mwaka 1968 akaenda na wenzake mpaka Msumbiji kwenye maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO kuona vita kwa macho. Huyo ni Yoweri Museveni. Kwenye kundi hilo alipita pia Msudani aliyekuwa Mlimani kwa utafiti, John Garang, ambaye baadaye aliongoza vita ya Sudan Kusini. Chuo kisicho na kikosi cha kadeti kilipitiwa na majemadari wawili wa msituni.

Na kwa upande wetu kuna huyu. Alimaliza uchumi Mlimani mwaka 1975. Angeweza kukaa ofisini na kiyoyozi. Mwaka 1976 akaenda chuo cha maofisa Monduli, akatoka Luteni, akaja kurudi palepale kuwa mkufunzi na kamisaa wa siasa. Mwaka 1992 ulipoingia mfumo wa vyama vingi, wanajeshi wakaambiwa wachague, siasa au gwanda. Akavua gwanda akiwa Luteni Kanali. Miaka 13 baadaye akaapishwa kuwa amiri jeshi mkuu. Huyu hata sina haja ya kuwaficha, ni Jakaya Kikwete.

Mtihani wenyewe wa mfumo ulikuja Oktoba 1978, Idi Amin alipovamia Kagera. Jeshi lilikuwa dogo. Likavimba haraka kwa mgambo na vijana waliokuwa wamepita mafunzo, kutoka kila mkoa, Mwanza na Shinyanga zikiwemo. Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wazee wengi wa huku ukiwauliza habari za Kagera, wanakuonyesha kovu kwanza ndipo waongee.

MAJIRANI NAO WALIJARIBU

Kenya walipita njia inayofanana, ila kwa sababu tofauti. Tarehe 1 Agosti 1982 kulitokea jaribio la mapinduzi, na wanafunzi wa chuo kikuu cha Nairobi wakaonekana barabarani wakilishangilia. Chuo kikafungwa. Kuanzia mwaka 1984 kila aliyetaka kuingia chuo kikuu ikabidi kwanza apite kwenye kambi za NYS, kama ile ya Gilgil, apigishwe kwata. Mpango ukafutwa mwaka 1990.

Linganisha. Kenya walipeleka wasomi kambini kuwatuliza. Sisi tuliwapeleka kuwashusha wafanane na wengine. Ukweli ni kwamba na kwetu kutulizwa kulikuwemo, tusijidanganye. Baada ya 393 kupakiwa kwenye magari, Mlimani ilichukua muda mrefu mtu kubeba bango kwenda Ikulu.

ILIKUFA, IKAFUFUKA

Mwaka 1994 JKT ya lazima ikasimamishwa. Serikali haikuwa na hela ya kulisha makambi. Kizazi kizima kikapita bila kujua kwata, na mwaka 2013 ikarudishwa. Wa kwanza kwenda kuonyesha mfano walikuwa wabunge vijana, tukaona picha zao wakiwa na magwanda, wamenyoa, wanakimbia.

Ila iliyorudi siyo ileile. Hakuna tena miaka miwili, hakuna asilimia 40. Ni miezi michache kisha unaenda chuo. Na kwa miaka mingi hawakuitwa wote, kwa sababu makambi hayatoshi.

Pembeni yake ipo JKT ya kujitolea, na hii ndiyo yetu sisi tulioishia fomu foo. Huku huitwi na sheria, unaomba mwenyewe kupitia wilayani, unakaa miaka miwili, unalima, unajenga. Na kila mtu anajua kwa nini watu wanagombania nafasi hizo. Ajira za JWTZ, polisi, magereza, zikitangazwa, cheti cha JKT kinaangaliwa. Mtu anatoa miaka miwili ya ujana akiwa ameshika tumaini hilo.

Sasa sikiliza hii. Aprili 2021, vijana wa kujitolea waliokuwa wamejenga ukuta wa Mirerani kuzunguka tanzanite na kushiriki ujenzi wa Ikulu ya Chamwino, walichoka kusubiri. Walikuwa wameahidiwa ajira na Hayati Magufuli, na Magufuli alikuwa amefariki mwezi mmoja nyuma. Wakagoma, wakataka kuandamana kwenda kumwona Rais. Mkuu wa majeshi wa wakati huo, Jenerali Mabeyo, akatangaza kwamba vijana 854 wameondolewa, kwa sababu jeshini hakuna mgomo. Baadaye wakasamehewa.

Umeona inavyofanana? 1966 wasomi wanaenda Ikulu kwa sababu hawataki kuingia JKT. 2021 wasio na shahada wanataka kwenda Ikulu kwa sababu hawataki kutoka JKT mikono mitupu. Kote wanatimuliwa, kote wanasamehewa. Kilichobadilika ni kwamba enzi hizo kazi ilikuwa inamsubiri msomi nje ya kambi. Leo kambi yenyewe ndiyo watu wanaiona kama kazi.

NANI ANAMDAI NANI

Turudi Nyarugusu. Hapa kijana wa miaka 20 anaingia kwenye duara asubuhi, anashuka na kamba, anatoka na mawe kwenye kiroba, mawe yanaenda karasha, yanasagwa, yanaoshwa, ndipo unajua kama leo umekula au umelala. Soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, la kwanza nchini, makato yalikuwa mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Kwa hiyo kwenye kila gramu, huyu aliyeacha shule tayari keshatoa chake kwa taifa kabla hajanunua hata soda.

Upande wa pili kuna mwenzake aliyesoma kwa mkopo wa serikali. Akipata ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Kwenye ile 800,000 yetu ni 120,000 kila mwezi. Anaposti analia, na mimi namwelewa, kodi ya nyumba ipo, mama yupo. Lakini hiyo 15 ni kurudisha ulichokopa. Wale wa 1966 waliambiwa watoe 60 ambayo hairudi, bila kukopa hata senti.

Na kuna wa tatu, ambaye siku hizi ni wengi kuliko wote. Ana shahada, amepita JKT, anajua kufungua na kufunga silaha, na yupo hapahapa kwetu anapima mchanga kwenye mwalo kwa sababu ajira hakuna. Huyo utamkata asilimia ngapi? Ya nini?

Mimi mawazo yangu ni haya. Nyerere alikuwa sahihi kwamba aliyesomeshwa na jasho la watu ana deni, na wanafunzi walikuwa sahihi kwamba deni hilo lianze kulipwa na waliokaa juu. Kilichoifanya 1966 ikumbukwe ni kwamba Rais aliwafukuza, na siku hiyohiyo akajikata mshahara. Ukichukua nusu ya kwanza ukaiacha ya pili, unabaki na ubabe tu. Kila kiongozi anayesimama kuwaambia vijana wajitolee, wavumilie, wawe wazalendo, nafikiri tuna haki ya kumuuliza kwa adabu kabisa: na wewe mheshimiwa umejikata ngapi?

Leo wapo kadeti wanaohitimu Monduli na kutoka na nyota begani na shahada ya sayansi ya kijeshi, kwa ushirikiano na Chuo cha Uhasibu Arusha. Polepole tunausogelea ule mlango wa mbele wa Haldane. Si vibaya, jeshi la kisasa linataka vichwa. Ila natamani ule mlango mwingine usifungwe, ule ambao mtoto wa mkubwa na mtoto wa mchimbaji wanapigiwa filimbi moja saa kumi alfajiri na hakuna anayeulizwa baba yako nani.

Haya wadau, uwanja wenu. Kama ungekuwa Mlimani Oktoba 1966, ungevaa joho uende Ikulu au ungebaki hosteli? Na wewe uliyepita JKT, kambi gani, na ilikubadilisha au ilikukondesha tu? Komenti ziko wazi, matusi peleka kwenu.